Nani Anasema Ndani ya Kitabu cha Misemo?

Jambo kwenu wa Kirungu hapa juu, jambo kwenu wa Moba-port kule chini ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na ninyi wa milima ya Marungu ambao redio zenu hushika vizuri usiku tu, jambo.

Mazungumzo ya leo yanahusu kijitabu ambacho vijana wengi wanacho siku hizi, cha karatasi au ndani ya simu: kijitabu cha misemo ya kila siku. Kushoto kuna Kiingereza, kulia kuna lugha nyingine. Kuamkia asubuhi, kuuliza bei, kuuliza choo kiko wapi, kushukuru, kuaga. Nitaanza na vile vya Kiingereza na Kimalei, lugha ya Malaysia na Brunei, halafu nitarudi huku ziwani. Msishtuke na umbali huo. Kimalei na Kiswahili havina undugu wa damu, vina undugu wa bandari. Vyote viwili vilikuwa lugha za watu wanaonunua na kuuza pande mbili za bahari moja, vyote viliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa hizi za Kizungu, na vyote vimezoea kusemwa na watu ambao mama zao walisema lugha nyingine. Kwa hiyo tukiangalia Kiingereza kinavyohangaika kuingia katika Kimalei, tunajiona na sisi.

Swali langu ni moja. Ndani ya kitabu kama hicho, anayesema ni nani? Kila sentensi ina kinywa kilichoitoa na sikio linaloipokea. Mtungaji akilisahau hilo, maneno yote yanaweza kuwa sahihi na mazungumzo yakaharibika.

Mwaka 1599 Mholanzi mmoja, Frederick de Houtman, alikamatwa huko Aceh, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, akawa mfungwa wa sultani mpaka 1601. Kifungoni alijifunza Kimalei. Aliporudi kwao akachapisha, mwaka 1603, kitabu cha maneno na mazungumzo katika Kimalei na Kimalagasi. Mwaka 1614 mazungumzo yale yalitoka London kwa Kiingereza, kazi ya Augustine Spalding, mfanyabiashara wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Ndiyo kusema Kiingereza na Kimalei vimewekwa ukurasa mmoja kwa zaidi ya miaka mia nne. Na mle ndani anasema nani? Anasema mtu wa meli. Amefika bandarini, anataka pilipili manga, anauliza bei, anaangalia mizani. Kimalei chake ni cha gatini. Akifiwa na mtu au akitaka kuomba radhi kwa mama mkwe, kitabu hakina la kumsaidia, kwa sababu mtungaji hakumwona katika hali hiyo.

Vijitabu vya leo vimebadilisha nguo tu. Badala ya mtu wa meli kuna mtalii. Badala ya pilipili manga kuna teksi, hoteli na chakula kisicho na pilipili. Yeye ndiye anayeuliza siku zote, mwenyeji kazi yake ni kujibu kwa ufupi, tena kwa maneno yale ambayo kitabu kimeyatabiri.

Sasa sikilizeni Kimalei chenyewe. Wamalei wakikutana husema “apa khabar?” Neno kwa neno ni “habari gani?” Khabar yao na habari yetu zimetoka tumbo moja la Kiarabu. Mwenzake hujibu “khabar baik”, habari njema. Dunia kwao ni dunia. Bendera kwao ni bendera, na hiyo wote tuliipata kwa Wareno. Lakini msikimbilie kudhani mmekwisha kukijua: kakak kwao ni dada mkubwa, na dada kwao ni kifua. Mtu wa Mombasa akiwasifia dada zake kule Kuala Lumpur, sijui atafika wapi.

Hata Kongo Wamalei wamefika. Kati ya 1960 na 1963 nchi yao, wakati huo ikiitwa Malaya, ilileta askari wake hapa chini ya Umoja wa Mataifa. Mnamo Novemba 1961 kikosi chao kilikuwa Kindu wakati wanajeshi wa anga kumi na watatu wa Italia walipouawa pale. Historia imeyakumbuka mauaji, na ni haki. Mimi huwaza pia jambo dogo la pembeni. Askari wale walikaa katika mji wa Kiswahili, ambako kila asubuhi watu waliulizana habari, neno ambalo lilikuwa lao vilevile, na amri zao zikawa zinakuja kwa lugha za Ulaya.

Turudi kwenye misemo. Kiingereza kina neno moja la kuagana, “goodbye”. Aliseme anayeondoka, aliseme anayebaki, ni lile lile. Kimalei hakikubali. Anayebaki humwambia anayekwenda “selamat jalan”, yaani salama njiani. Anayekwenda humwambia anayebaki “selamat tinggal”, salama ya kukaa. Hiyo selamat ni salama yetu sisi. Ukitoka nyumbani kwa mwenyeji wako ukamwambia selamat jalan, ni kama umemtoa yeye nje ukabaki na nyumba. Watu wa Kirungu hawahitaji kufundishwa jambo hilo. “Enda muzuri, mama.” “Bakia muzuri, papa.” Nani asiyejua lipi ni la nani? Lakini mfasiri aliyepewa neno “goodbye” peke yake kwenye orodha, mezani, mbali na watu, atalifasiri namna gani? Hana mlango mbele yake, hajui nani ameshika begi. Atachagua moja, na nusu ya watakaotumia kitabu watalisema kinyume.

Na hilo neno “you”? Kiingereza kinamwelekezea kila mtu neno hilo moja, mtoto, mzee, hakimu, mwizi. Kimalei kina maneno kadhaa ya kusema wewe, na mtu mwenye adabu huyaepuka karibu yote anapozungumza na aliyemzidi umri. Atamwita Pak Cik akiwa mzee wa makamo ya baba yake, Mak Cik akiwa mama, Abang akiwa kaka, Kakak akiwa dada mkubwa. Jina la undugu linasimama mahali pa “wewe”. Kwetu ni hivyo hivyo. Sokoni hapa huwezi kumwambia mama muuza ndagala “wewe, bei gani?” ukategemea akupimie vizuri. Ni “mama”, ni “yaya” akiwa wa umri wa dada yako mkubwa, ni “nkambo” akiwa amekula chumvi. Kitabu cha misemo kinakupa bei na kinasahau yaya. Kimekupa sentensi isiyo na heshima, na wewe hujui kwa nini umepewa ndagala wa juzi.

Liko na hili la njiani. Mmalei akikutana na jirani humuuliza anaenda wapi, na si upelelezi, ni salamu. Mwenzake hujibu “jalan-jalan”, natembea tembea tu. Sisi tunaulizana vivyo hivyo, na jibu ni “naenda huku tu”. Mgeni aliyezoea Kiingereza huanza kueleza safari yake yote, au hununa.

Nimelichelewesha kusudi neno ambalo naliona zito kuliko hayo yote, nalo ni “sorry”. Kwa Kiingereza hilo husemwa na aliyekukanyaga mguu, na husemwa pia na aliyekuja kukupa pole ya msiba. Kimalei kina “maaf” kwa aliyekosa, na kwa mfiwa kina “takziah”. Takziah ni ndugu wa tanzia yetu, ile inayosomwa redioni kwa sauti ya chini. Sisi tuna “unisamehe” na tuna “pole”, na kati ya hayo mawili pana bonde. Anayesema unisamehe amekubali kosa. Anayesema pole hajakosa kitu, amekuja kukaa upande wako. Pole tunampa mtu aliyebeba mzigo, aliyeanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Moba, aliyefiwa, hata aliyetoka shambani amechoka.

Sasa mfikirie daktari katika nchi ya Kiingereza. Anatoka chumba cha upasuaji, anawaambia watu wa familia neno hilo moja. Mkalimani kijana, haraka haraka, anasema: “Daktari anasema mumusamehe.” Familia itasikia nini? Itasikia kwamba daktari ameua, na amekiri. Hapo neno lilifasiriwa vizuri kwa kamusi. Ungefungua kamusi yoyote ungelikuta. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: huyu anasema kama aliyekosa, au kama aliyekuja msibani?

Ninayasema haya kwa sababu jambo hili si la Malaysia, wasikilizaji. Ni la hapa. Na limeanza zamani.

Mji huu wa Kirungu ulianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1893, ukaitwa Baudouinville kwa jina la mwana wa kifalme wa Ubelgiji aliyekufa kijana miaka miwili kabla. Miaka ile ile vilikuwa vinatungwa vitabu vya misemo kwa ajili ya Wazungu wa Dola Huru la Kongo. Ofisa Charles Lemaire alitoa kimoja, Brussels, chenye safu za Kifaransa, Kiingereza, “Kizanzibari”, ambacho ndicho Kiswahili, na lugha kadhaa za magharibi na za mtoni, Kibangala kikiwamo. Toleo la 1897 linajulikana. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alivichambua vitabu vya namna hiyo, hasa vya Kiswahili cha Katanga, katika kazi yake ya mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, na mtu akiisoma anaona wazi jinsi vinywa vilivyogawanywa mle. Kuna anayeamuru na kuna anayetii. Leta. Beba. Amka. Nyamaza. Mpagazi hakupewa sentensi hata ya kusema mzigo umemzidi, na kama alipewa, ilikuwa ili bwana aielewe na kumjibu.

Kiswahili tulichorithi kutoka kwenye vitabu vile kiliwafanya wageni wengi waamini kwamba Kiswahili cha Kongo hakina adabu. Hicho ni kichekesho kichungu. Walikisikia kwenye vinywa vyao wenyewe.

Wamisionari walikuwa na shida tofauti, nami sitaki kuwaweka kapu moja na maofisa, ingawa nao walikuwa na amri zao. Padri Auguste Van Acker alichapisha mwaka 1907 kamusi ya Kitabwa, lugha ya huku, na Kifaransa. Fikirini padri katika kiti cha maungamo. “Leta” na “beba” zitamsaidia nini pale? Anahitaji kusikia. Anahitaji kujua mama wa Kitabwa anaposema jambo kwa kuzunguka anazunguka nini. Kamusi iliyoandikwa na mtu anayelazimika kusikiliza huwa na maneno ambayo kitabu cha msafara hakina.

Halafu akatokea kijana wa huku, Stefano Kaoze, Mtabwa. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalianza kutoka katika jarida la Ubelgiji, na anahesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza kuchapishwa kwa Kifaransa. Tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri hapa hapa Baudouinville, wa kwanza katika Kongo yote ya Wabelgiji. Watu hukumbuka upadri, kuna shule na barabara zenye jina lake. Mimi napenda kuikumbuka ile ya 1910. Tangu akina Lemaire, safu ya kushoto ilikuwa ya mgeni na sisi tulikuwa safu ya kulia, ya majibu. Kaoze alikaa kushoto.

Tuje kwetu leo. Vita vya 1996 na vile vya 1998 vilivusha watu wengi ziwa. Wengine walipelekwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996 na ambayo mpaka leo ina watu. Wengine walishuka kusini mpaka Zambia, kambi za Kala na Mwange, na kuanzia 2007 wakawa wanarudishwa kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba-port hapo chini. Hawa wa Zambia walirudi na Kibemba, na baadhi yao na Kiingereza cha kuombea kazi. Wale wa Nyarugusu, wengi wamechukuliwa Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, taifa lililoongoza mwaka huo. Hakuna asiyejua nyumba yenye mtoto Texas, Kentucky au Iowa. Kwa hiyo misemo ya Kiingereza ya kila siku imeingia nyumbani kwetu kwa mlango wa simu.

Na huko hospitalini, shuleni, kwa wenye nyumba, wanasaidiwa na mkalimani wa Kiswahili. Mara nyingi yuko kwenye simu, mji mwingine. Mara nyingi ni Mtanzania au Mkenya, mtu mwema, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Muuguzi anaanza kwa Kiingereza chake: “How are you?” Mkalimani anasema, “Hujambo mama, habari?” Mama wa Kirungu anajibu, “Muzuri.” Lazima ajibu muzuri! Hata mwenye homa hujibu muzuri, ndipo aulizwe habari ya nyumba, habari ya batoto, na baada ya hapo aseme polepole kwamba ubavu unamuuma siku nyingi. Lakini muuguzi ameshaandika kwamba mgonjwa anajisikia vizuri, anaendelea na swali la pili. Salamu imegeuka kuwa ripoti ya daktari.

Sikia na hii. Daktari anataka kujua magonjwa ya ukoo. Anauliza kuhusu mama yake baba. Mkalimani wa Dar es Salaam anauliza kwa Kiswahili safi: “Bibi yako alifariki kwa ugonjwa gani?” Kijana wa kwetu anageuka kumwangalia mke wake aliyeketi pembeni na mtoto mapajani. Kwa sababu huku bibi ni mke wa mtu. Mama yake baba ni nkambo. Mke mwenyewe amesikia pia, na sasa anataka kujua daktari ameona nini kwenye karatasi zake.

Saa nayo inaleta balaa. Barua ya miadi inasema saa ya Kizungu yenye tarakimu ya nane, asubuhi. Mmoja ataiita saa mbili, mwingine aliyesoma Kifaransa atasema huit heures, na mkalimani aliyechoka atasoma tarakimu kama ilivyo: saa nane. Familia inafika mchana, imevaa vizuri, daktari ameshaona wagonjwa wengine kumi.

Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka lilichunguza lugha ya matangazo kule Beni na Goma. Likakuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu vilivyoandikwa kwenye mabango viliwaacha nje watu wengi ambao, ukiwauliza, watakuambia bila kusita kwamba wanasema Kiswahili. Ni kweli wanasema. Lakini bango lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya msomaji wa mahali pengine. Mimi si adui wa Kiswahili sanifu, ninyi mnasikia ninavyosema hapa. Nakitumia kwa sababu kinanifikisha Kigoma na Lamu. Ila nikimhoji mama kuhusu mtoto wake anayehara, nitavua viatu hivyo mlangoni.

Nirudi kidogo Malaysia, kwa kuwa Wamalei wana kitu ambacho nakitamani. Kiingereza kina “we”, sisi tuna “sisi”. Kimalei kina sisi mbili. “Kita” ni sisi pamoja na wewe ninayekuambia. “Kami” ni sisi bila wewe. Mmalei hawezi kusema sentensi yenye sisi bila kuamua uko ndani au uko nje. Lo, tungekuwa nayo hiyo katika mikutano ya maendeleo! Mgeni anasimama chini ya mwembe, anasema kwa Kiingereza kwamba “we” tutakarabati bomba la maji. Mkalimani anasema “tutatengeneza bomba”. Watu wanapiga makofi, wamesikia kami: hao wenye magari watatengeneza. Mgeni alimaanisha kita: sisi na ninyi, ninyi mtaleta mawe na mchanga na nguvu. Miezi inapita. Yeye anaandika kwamba wanakijiji hawashiriki, wao wanasema wazungu ni waongo. Wote walisikia vizuri. Mkalimani mwerevu hapo angeacha kutafsiri kidogo, akamgeukia mgeni na kumuuliza: hiyo “we” yako, hawa wamo?

Wakalimani wengi wanaogopa kuuliza hivyo. Wamefundishwa, au wamejifundisha, kwamba mkalimani hodari hasimami. Akisimama wataona hajui Kiingereza. Matokeo yake anayesimama kuuliza anadhaniwa mjinga, na anayebahatisha bila kigugumizi anapewa kazi tena wiki ijayo. Nimewaona wa aina zote mbili, na wa kwanza ndiye ningemchukua nikifikishwa mbele ya hakimu.

Kwa hiyo, vijana mnaotunga vijitabu vya Kiingereza na Kiswahili cha kwetu, na najua mko, maana mnaniletea daftari nizisome: msianze na hoteli. Nani huku atalala hoteli Kentucky? Msinakili orodha ya mtalii wa Kuala Lumpur mkabadilisha safu ya kulia. Wekeni juu ya kila ukurasa jina la anayesema na jina la anayeambiwa. Mama kwa muuguzi. Baba kwa mwalimu wa mtoto. Kijana kwa bosi wa kiwanda cha nyama. Mpangaji kwa mwenye nyumba wakati choo kimeziba. Halafu mtaona sentensi zinabadilika zenyewe, na mtaona pia kwamba upande wa kushoto sasa ni wetu sisi, Kiingereza ndicho kinatafutwa.

Na ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya jambo na aksanti, ningeweka maneno ya mtu aliyekaa upande dhaifu wa meza. “Sijaelewa, sema tena polepole.” “Mukalimani hakusema vile nilisema.” “Ile Kiswahili yenye anasema haiko ya kwetu, naomba mukalimani mwingine.” “Mutoto wangu asitafsiri mambo ya hospitali.” Hayo si kiburi. Marekani ina Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na kwa sheria hiyo hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani bila kumtoza. Tangu 2016 taratibu za afya zimezuia pia kumtumia mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake, isipokuwa katika dharura. Wenye ndugu huko, wapigieni leo mkawaambie, hasa lile la mtoto, kwa sababu najua ndiye anayebebeshwa kazi hiyo.

Daftari zenu zileteni hapa studio kabla ya Jumamosi. Andikeni kwa kalamu inayosomeka, na pale mnapoona sentensi ya Kiingereza mmeshindwa kabisa kuipa kinywa cha Kirungu, acheni nafasi wazi, tutaijaribu pamoja hewani na nkambo wawili watatu wakiwa wamekaa karibu na kipaza sauti. Bakieni muzuri.